FUNGUO ZA MAJALADA YETU ZI WAPI?

Mzee mmoja wa Milepa, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwa hakututuma tulitangaze, alipanda Lyamba lya Mfipa kwa basi akafika Sumbawanga mjini amepakata kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo hilo, zikiwa zimefungwa katika kipande cha kanga, mlikuwamo disketi saba: sita ndogo za plastiki ngumu na moja pana, nyembamba, ya namna ile ya kale inayopindika mkononi. Mzee huyu alipata kuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga huko bondeni. Mnamo mwaka 1993, wakati Milepa haikuwa na umeme wa gridi, orodha ya wanachama wa kikundi chake pamoja na hisa ya kila mmoja ilipigwa chapa mjini, katika ofisi iliyokuwa na kompyuta na iliyowafadhili kwa kazi hiyo. Nakala ya karatasi ililetwa kijijini ikawekwa kabatini. Kabati likaingia mchwa.

Sasa kikundi kinauza kiwanja kilichokuwa na mashine yake ya kusaga, na fedha zapaswa kugawiwa. Waanzilishi wengi wamekwisha kufariki dunia. Wajane wao na watoto wao wanauliza, kwa haki kabisa, marehemu alikuwa na hisa ngapi. Wako wanaosema tatu na wako wanaosema kumi, na wako pia, kama kawaida ya mambo ya fedha, waliokumbuka uanachama wa baba zao baada tu ya kusikia bei ya kiwanja. Ushahidi uliobaki umo katika lile kopo.

Mzee alizunguka stesheneri tatu. Katika ile ya kwanza kijana aliichukua disketi, akaigeuza huku na huku, akacheka kwa adabu. Maisha yake yote alikuwa ameiona kama kipicha kidogo cha kubonyeza mtu anapotaka kuhifadhi kazi yake, wala hakupata kujua kwamba kipicha kile ni sura ya kitu kilichowahi kushikwa mkononi. Katika ya pili walikuwa na kompyuta tano, na hakuna hata moja yenye mdomo wa kuipokea. Katika ya tatu palikuwa na kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwa waya. Disketi ikalia, ikakwaruza, ikasomeka. Orodha ya mafaili ikatokea. Lakini faili lilipofunguliwa, maneno yalikuja yameharibika. Mahali pa mwenyekiti paliandikwa “mwenyekité”. Hisa ikawa “hisá”, mkutano ukawa “mkutanï”, na watu wakawa “watõ”. Katikati ya mistari palikuwa na alama nyingine zisizo na maana kwa msomaji. Kijana akasema, “Shikamoo tena mzee wangu, lakini hii imekufa. Bora mchape upya.”

Mchape upya kutoka wapi? Hapo ndipo sisi tulipokutana na mzee huyo, na hapo ndipo tunapopenda kusimama na wasomaji wetu leo, maana jibu la yule kijana, ambaye hana kosa lolote kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, limetolewa katika ofisi nyingi za nchi hii na kupokelewa kama hukumu ya mwisho. Nasi twasema kwamba faili lile halikufa.

Yafaa kueleza jambo lenyewe kwa lugha nyepesi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Herufi a kwake ni 97, e ni 101, i ni 105, o ni 111 na u ni 117. Programu ya kuandikia iitwayo WordStar, iliyotoka Marekani mwaka 1978 na kuenea duniani katika miaka ya 1980, ilikuwa na desturi yake ya kunyoosha mistari, na ili ijue neno linakwisha wapi, iliiongezea herufi ya mwisho ya kila neno namba 128. Kwa hiyo a iliyo mwisho wa neno haikuhifadhiwa kama 97 bali kama 225. WordStar yenyewe ilijua siri hiyo, na mwandishi hakuona kitu. Kompyuta ya leo haiijui. Ikikuta 225 huonyesha á, ikikuta 233 huonyesha é, au huweka kijisanduku na alama ya kuuliza. Na kwa kuwa lugha yetu ya Kiswahili humaliza karibu maneno yake yote kwa irabu, kila neno la mzee wetu lilipata jeraha mahali pale pale, mkiani. Lakini angalieni kwamba jeraha ni moja kila mara. Ondoa 128, na irabu inarudi. Programu ndogo ya kufanya hivyo yaweza kuandikwa na mwanafunzi yeyote wa kompyuta kwa muda wa kunywa chai. Mzee, ambaye hakusubiri programu, alivaa miwani akaanza kusoma jinsi ilivyo, jina baada ya jina, kwa sauti, nasi tukiandika.

Mtu wa Ufipa hahitaji kwenda mbali apate mfano wa jambo hili. Katika nyanda zetu za juu zimesimama hadi leo baadhi ya zile tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, zilizopita kimo cha mtu, ambamo babu zetu waliyeyusha mawe ya chuma bila mivuo, kwa nguvu ya upepo unaopanda wenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kile kilitiwa tena katika tanuri ndogo yenye mivuo, kikasafishwa, kikafuliwa majembe yaliyouzwa mbali na hapa. Vyombo vya kiwandani vilivyoletwa kwa meli viliiua biashara hiyo, na kufika katikati ya karne iliyopita moto wa malungu ulikuwa umezimika. Wataalamu waliokuja baadaye kuchunguza ufundi ule iliwabidi wawatafute wazee wachache waliokumbuka kipimo cha mkaa, namna ya kuzipanga tabaka na saa ya kuwasha. Tanuri ilikuwapo, kilichokaribia kupotea ni mkono uliojua kuiwasha. Faili la kompyuta ni hivyo hivyo. Laweza kukaa salama katika kopo kwa miaka thelathini, lisipungukiwe hata herufi moja, lakini programu iliyolifungua ikiondoka duniani pamoja na watu walioijua, huwa kama ilungu porini. Wapita njia wanaliona, wala hakuna atoaye jembe.

Huenda msomaji akauliza mafaili hayo ya kale ni ya lini hasa katika nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu iliyotegemewa kwa mashine za namna hiyo ilikwenda vibaya na kuigharimu nchi fedha nyingi, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ililegezwa baadaye, na mashine ndogo za mezani zikaanza kuenea maofisini mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990. Wapiga chapa wetu waliacha taipureta wakaingia moja kwa moja katika WordStar na WordPerfect, kisha katika Microsoft Word. Kwa hiyo kumbukumbu za kwanza za kompyuta katika ofisi nyingi ni za kipindi kile kile cha mabadiliko makubwa: miaka ya kuanza vyama vingi mwaka 1992, ya kubinafsisha mashirika ya umma, ya kupunguza wafanyakazi, na ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kama kuna miaka ambayo mfanyakazi na mkulima wa Tanzania angependa kuwa na karatasi zake mkononi, ni hiyo.

Tumwangalie mfanyakazi. Mtumishi aliyezaliwa mwaka 1967 na kuajiriwa mwaka 1992 atafikisha miaka 60 ya kustaafu kwa lazima mwaka 2027. Katika safari yake ya utumishi amehamishwa, mwajiri wake amebadilishwa jina, na mfuko wake wa pensheni umeunganishwa na mingine mitatu mwaka 2018, pale PSPF, LAPF, GEPF na PPF zilipofanywa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Atakapodai haki yake ataulizwa barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo. Akiwa mtu mwangalifu anazo nyumbani. Akiwa amehama mara tano na paa lake limevuja mara moja, hanazo, na atairudia ofisi. Ofisi itamwambia kwamba jalada la karatasi halionekani, na kwamba barua za miaka ile zilichapwa katika kompyuta ambayo sasa imo stoo, juu ya viti vilivyovunjika. Hapo ndipo mtu hupoteza miaka mitano ya utumishi katika hesabu ya pensheni, kwa sababu tu hakuna aliyejaribu kulifungua faili la WordPerfect.

Wala isemwe kwamba sheria haijali. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 inaziwajibisha ofisi za umma kutunza kumbukumbu zao, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilizipa kumbukumbu za kielektroniki nafasi yake mbele ya mahakama. Lakini hakimu hawezi kusoma alichoshindwa kukisoma karani.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni wa siasa. Barua aliyoandika karani wa kijiji ni mali ya kijiji. Maneno ni yake, jasho ni lake, karatasi ni yake. Lakini siku alipoiandika katika programu ya kampuni fulani na kuihifadhi katika umbo ambalo kampuni hiyo peke yake ndiyo inayojua mpangilio wake, alitia kufuli nyumbani kwake na kumwachia mgeni ufunguo. Mgeni huyo si lazima awe adui. Yatosha awe mfanyabiashara. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya programu zake za Office 2003, na watu walioyaweka wakaamka kukuta mafaili yao ya kale hayafunguki tena, yamezuiwa kwa sababu ya usalama. Malalamiko yalipozidi, mwanzoni mwa mwaka 2008 kampuni ilikiri kwamba kasoro haikuwamo katika mafaili yenyewe bali katika namna programu yake ilivyoyasoma, ikaonyesha njia ya kuondoa kizuizi. Hata katika Word za miaka ya karibuni, mafaili ya Word 95 na ya kabla yake huzuiwa mpaka mtumiaji aende mwenyewe katika mipangilio ya usalama kuruhusu. Mtu wa Milepa hakushirikishwa katika uamuzi wowote kati ya hayo, na barua ni zake.

Dawa ya kufuli hili imekwisha kupatikana, na inasikitisha jinsi isivyojulikana maofisini. Yako maumbo ya mafaili ambayo mpangilio wake umetangazwa wazi, hata fundi yeyote, wa Oslo au wa Laela, aweza kuusoma na kutengeneza programu ya kuyafungua bila kumwomba mtu ruhusa. Umbo la OpenDocument lilikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 2006. Umbo la docx la Microsoft yenyewe liliandikwa hadharani likapitishwa mwaka 2008. Kwa nyaraka zisizotakiwa kubadilika tena, kuna PDF/A, iliyopitishwa mwaka 2005 kwa makusudi ya kuhifadhi miaka mingi. Nchi yetu haikuwa ya mwisho katika habari hizi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wao wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ya bure iliyosema Kiswahili kuanzia menyu ya kwanza hadi ya mwisho. Tungeishika siku ile, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Ofisi nyingi zilipendelea nakala za wizi za programu ya Kiingereza.

Mrithi wa programu ile ni LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, nayo ni ya bure vile vile. Twaitaja si kwa kuitangaza, maana haituletei hata senti, bali kwa sababu ndani yake zimo zana zilizotengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya kusoma mafaili ya kale: ya WordPerfect, ya Microsoft Works, ya Word za zamani, na mengine ambayo majina yake yamesahauliwa hata na waliokuwa wakiyauza. Mafaili ya WordStar yaliyompata mzee wetu hayamo katika orodha hiyo, na ndiyo maana tumeeleza habari ya 128.

Makarani watuvumilie tukiingia kidogo katika kazi yao. Faili la WordPerfect la miaka ile mara nyingi halina mkia unaolitambulisha, kwa sababu mpiga chapa aliruhusiwa kuweka herufi tatu zozote alizotaka, au asiweke; na jina lenyewe halikuweza kuzidi herufi nane. Ndiyo maana hukutana na majina kama MKUT93.SWA, na kompyuta ya leo huduwaa. Usibonyeze faili mara mbili ukitegemea kompyuta ijue yenyewe. Fungua kwanza programu, kisha ndani yake uliite faili. Likikataa, litazame ubavuni kwa programu nyepesi ya maandishi matupu: ukiona mwanzoni kabisa herufi WPC, hilo ni WordPerfect, ukiona PK, ni docx au OpenDocument, hata kama jina linasema vingine. Kabla ya yote hayo, disketi ndogo ifunguliwe kile kidirisha chake cha pembeni ili isiweze kuandikwa, inakiliwe yote, na kazi ifanyike juu ya nakala. Disketi yenye ukungu isitiwe katika kisomeo hata kidogo, itakiharibu na kuziharibu zitakazoifuata. Faili likifunguka, lihifadhiwe katika umbo la wazi, na jina la kale liandikwe pembeni ili mtu ajue limetoka wapi. Kisha orodha za hisa, mihtasari ya mipaka ya ardhi na barua za ajira zichapwe katika karatasi. Wamisionari wa White Fathers waliofika Karema mwaka 1885 walituachia wino na daftari, na hatuoni aibu kusema kwamba daftari lililotunzwa vizuri bado halijashindwa na mashine yoyote.

Uingereza waliupata somo huu kwa gharama. Mwaka 1986 shirika la utangazaji la BBC liliadhimisha miaka 900 ya daftari kuu la ardhi na mali la mwaka 1086 kwa kutengeneza daftari jipya katika sahani kubwa za miale. Haikupita miaka 16 wataalamu wakawa wanahangaika kutafuta mashine za kulisoma lile jipya, huku lile la ngozi la mwaka 1086 likiendelea kusomwa. Waliliokoa, kwa sababu walianza kazi hiyo wakati baadhi ya mashine na mafundi wake wakiwa bado wapo.

Nasi gazetini tusijifanye watakatifu. Kurasa zetu za miaka ya 1990 zilipangwa katika PageMaker, programu isiyoendelezwa tena, na asilimia kubwa ya tunachojua kuhusu habari tulizoandika wakati ule twakijua kwa kufunua magazeti ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba. Tumeanza kuyatafuta mafaili hayo. Tungeanza miaka kumi iliyopita kazi ingekuwa nusu yake.

Wako wanachama watakaotuambia kwamba Rukwa ina mambo mazito kuliko disketi: barabara za kushukia bondeni, bei ya mahindi, maji. Ni kweli, wala hatusemi shule ikose dawati ili kopo la mtu lifunguliwe. Lakini kisomeo cha disketi cha kuchomeka si kitu cha bajeti ya wizara. Programu ni ya bure. Na kinachohitajika zaidi ni karani mmoja aliyepewa ruhusa na siku chache. Twaiomba kila ofisi ya Chama ya wilaya iteue mtu huyo, ikianzia na kompyuta zilizo stoo kabla hazijauzwa kwa mnada. Vyama vya wafanyakazi vina sababu kubwa zaidi: kila tawi linawajua wanachama wake watakaostaafu katika miaka mitano ijayo, na laweza kuuliza leo, kwa barua, kama kumbukumbu zao za miaka ya 1990 zinafunguka. Mwajiri atakayejibu kwamba zimekufa aulizwe ni nani aliyezipima. Vyama vya ushirika vilivyouza, vilivyounganishwa au vilivyobadili jina navyo visisahau kwamba hisa haifi pamoja na jina la chama. Na wale wapiga chapa wa zamani, wengi wao akina mama waliostaafu kimya kimya, waitwe. Vichwani mwao zimo njia za WordPerfect ambazo vijana wetu hawajapata kuziona, na hakuna kozi itakayozirudisha wakishaondoka.

Mzee wa Milepa alirudi bondeni na kurasa nne zilizochapwa, zenye majina na hisa, irabu zote zikiwa mahali pake. Baadhi ya waliodai kumi wameonekana kuwa na tatu, na mjane mmoja aliyekuwa hadai kitu ameonekana kuwa na sita. Lakini orodha hiyo inaishia mwaka 1993. Waliojiunga kabla ya hapo na kujitoa, pamoja na fedha walizorudishiwa, kwa maelezo yake wamo katika ile disketi moja pana ya inchi tano na robo, ambayo visomeo vya kuchomeka vya siku hizi havina mdomo wa kuipokea. Yeyote mwenye kompyuta kuukuu yenye mdomo huo, Sumbawanga, Mbeya au kwingineko, tunamwomba asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hajatuandikia.